Gari la Iowa, sikio la Baraka

BARAKA, Kivu ya Kusini – Jioni ya Jumamosi, mvua ilipotoka kukatika, mzee mmoja aliyeikimbia Uvira alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya nyumba ya familia iliyompokea. Simu ya mjukuu wake ilikuwa sikioni. Hakuwa akiongea. Watoto walidhani anasikiliza habari. Mama mwenye nyumba alidhani ni mahubiri. Kumbe mzee alikuwa anasikiliza motere.

Ilikuwa motere ya gari lililo mbali sana, huko Iowa, Marekani, ndani ya banda la mzee Mzungu ambaye hajawahi kukanyaga Congo. Sauti ilikuwa ya sekunde arobaini hivi. Mzee aliisikiliza mara tatu, akamrudishia mjukuu simu na kusema: "Mwambie anitumie nyingine, motere ikiwa baridi. Halafu nyingine ikiwa imepata moto. Na asogeze simu karibu na bomba la moshi."

Habari hii inaanzia mbali kidogo.

Kabla ya vita vya mwaka 1996, mzee alikuwa na garaji Uvira, chini ya mwembe, kando ya barabara inayokwenda Baraka na Fizi. Yeye mwenyewe alijifunza kazi akiwa kijana, kwenye zile jipu za zamani za Willys ambazo valvu zake ziko ubavuni mwa motere, si juu kwenye kichwa kama magari ya leo. Vijana aliowafundisha walimwita Papa. Mmoja wao, atakayeitwa hapa Fundi, aliingia pale akiwa na miaka kumi na minne. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha bulo kwa mazuti.

Mwezi wa kumi 1996 vita vilipofika Uvira, Fundi alivuka ziwa Tanganyika pamoja na wengine hadi Kigoma, akapelekwa kampi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huohuo. Alidhani ni kwa miezi michache. Alikaa miaka karibu ishirini. Huko alitengeneza baiskeli, redio na mashine za kusagia mahindi, akaoa, akazaa watoto wanne. Kisha jina la familia likatoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa Marekani, wakashukia Iowa, mji wa Des Moines.

Huko kulikuwa na fomu, na kwenye fomu mstari wa kuandika kazi. Aliandika kwamba ni fundi wa magari. Akaulizwa cheti. Garaji ya chini ya mwembe haikutoa cheti. Ilitoa gari lililopona. Basi akapelekwa kiwanda cha nyama, mahali ambapo wana Kivu wengi wamepita. Kiingereza alichojifunza kilikuwa cha kiwandani: kisu, haraka, simama, pumzika. Kwa miaka kadhaa hakushika kile isipokuwa kwa gari lake mwenyewe.

Na simu za nyumbani zilikuwa zinalia. Kila familia iliyo na mtu ng'ambo inazijua simu hizo, na kila mtu wa ng'ambo anazijua pia. Anayepiga ana njaa au mgonjwa. Anayepigiwa ana kodi ya nyumba na mshahara uliokwisha kabla haujaingia. Papa alipougua malaria, Fundi aliahidi kutuma pesa za dawa. Mwezi huo hazikupatikana. Mwezi uliofuata aliona haya kupokea simu. Akaacha kupokea. Miezi saba ikapita. Katika miezi hiyo Papa alipona kwa msaada wa majirani, akaipoteza garaji, akaipoteza nyumba, akafika Baraka na begi moja.

Mwaka huohuo, siku moja Fundi akirudi kazini, alipita nyuma ya nyumba ya jirani na kukuta mlango wa banda umeinuliwa. Ndani kulikuwa na gari.

Halikufanana na gari lolote alilowahi kuliona. Halikuwa na paa wala vioo vya pembeni. Halikuwa na madigadi: mipira minne ilisimama wazi nje ya bodi, ya mbele myembamba, ya nyuma mipana. Bodi ilikuwa ya Ford Model T ya mwaka 1927, bati jepesi, upana wa watu wawili wakibanana. Mbele, mahali pa rejeta, palikuwa na pua ya alumini ya mviringo, bado ina alama ndogondogo za nyundo. Badala ya bampa kulikuwa na vyuma vya bomba vilivyopindwa. Na ubavuni, mkono wa usukani ulitokea nje ya bodi na kunyooka hadi gurudumu la mbele, kila mtu auone ukifanya kazi.

Fundi alisimama pale hadi mwenye gari akatoka. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, mjane, mikono inatetemeka. Hawakuwa na maneno mengi ya kuelewana. Mzee alijaribu kuanza bulo kwenye tundu lake, ikamponyoka, ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka tena. Fundi aliiokota, akaifunga kwa vidole, akaikaza kwa kile. Mzee akamsogezea kiti.

Tangu siku hiyo Fundi alikuwa anaingia bandani kila Jumamosi. Polepole alielewa gari lile ni kitu gani. Mengine alielezwa na mzee kwa kidole na picha, mengine aliyasoma usiku kwenye simu.

Wamarekani huyaita magari ya namna hii hoti rodi, na lisilo na paa huitwa rodista. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa California walinunua Ford zilizochakaa, wakazivua kila kitu kisichosaidia mwendo, wakashindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc na El Mirage. Mwaka 1932 Ford ilitoa motere ya silinda nane, V8, ambayo mtu wa kawaida aliweza kuimudu. Baada ya miaka kadhaa motere hizo zikawa zinapatikana kwa bei ndogo kwa wauza vyuma chakavu. Vita vilipokwisha mwaka 1945, vijana wengi walirudi nyumbani wakiwa wamejifunza jeshini kutengeneza malori na ndege.

Wengine hawakuridhika na kukimbia kwa kunyooka. Waliingiza rodista zao kwenye viwanja vya mviringo vya udongo, kama Carrell Speedway huko Gardena. Troy Ruttman alianzia kwenye rodista za namna hiyo akiwa kijana mdogo; mwaka 1952, akiwa na miaka 22, alishinda mashindano makubwa ya Indianapolis, na hakuna aliyeyashinda akiwa mdogo kuliko yeye. Wapenzi wa magari wakatamani gari la barabarani lenye sura ya yale ya kwenye udongo: pua ya mviringo, mipira wazi, namba ubavuni. Bill NieKamp wa Long Beach alichukua bodi ya Ford ya 1929, akaiweka juu ya shasi ya Essex, ambayo ni kampuni nyingine kabisa, akatia motere ya Mercury V8 na pua ya gari la mashindano. Mwaka 1950, huko Oakland, gari hilo likawa la kwanza kupewa taji la rodista nzuri kuliko zote Marekani. Hakuliacha lipambe ukumbi tu. Alilipeleka El Mirage likakimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa.

Fundi aliposoma hayo alicheka peke yake jikoni. Bodi ya huyu, shasi ya yule, motere ya mwingine! Hivyo ndivyo magari yalivyopona Uvira miaka yote, ila kule hakuna aliyewapa kikombe.

Kitu kilichomvutia zaidi kwenye gari la mzee ni ekseli ya nyuma. Ina kifuniko mgongoni. Ukifungua bulo chache unakuta gia mbili tu. Ukizibadilisha nafasi, au ukitia nyingine, gari linapata nguvu zaidi au mbio zaidi, bila kushusha ekseli nzima. Ilibuniwa kwa ajili ya mashindano, kwa sababu kiwanja kifupi na kiwanja kirefu havitaki gia moja. Fundi aliifungua na kuifunga mara nne siku ya kwanza, kwa raha tu.

Mke wake hakuona raha hiyo. Jumamosi ndiyo siku ambayo kiwanda kinalipa saa za ziada. "Unaacha pesa unakwenda kuchezea gari la mtu," alimwambia. "Kwetu watu wanalala chini." Fundi hakuwa na jibu, maana neno lilikuwa la kweli. Alipunguza. Jumamosi mbili kiwandani, mbili bandani. Lakini siku za bandani, mke mwenyewe alikuja kukiri, alirudi nyumbani anaongea na watoto, na siku za kiwandani alirudi kimya.

Mwezi wa sita waliwasha motere kwa mara ya kwanza. Ilikuwa V8 ya zamani ya Ford, yenye valvu ubavuni. Iliitika vizuri, sauti nzito na laini. Mzee alifuta macho akisema ni moshi. Baada ya dakika kumi, motere ilipopata moto, ikaanza kuchechemea. Silinda saba zilikuwa zinafanya kazi na moja ilikuwa inapumzika. Walibadili buji. Walibadili nyaya. Walifungua kabireta wakazisafisha. Jumamosi tatu zikaisha. Kila mara ilikuwa vilevile: baridi inaimba, moto inachechemea.

Fundi alijua mtu mmoja duniani ambaye angeisikia motere ile na kujua. Alijua pia kwamba mtu huyo hajapokelewa simu kwa miezi saba.

Siku mbili alibeba jambo hilo kazini. Jumamosi, saa sita mchana kwake, saa moja usiku hapa, akarekodi sauti ya motere na kuituma kwa namba ya mjukuu, na maneno machache nyuma yake: "Papa, jambo. Naomba unisamehe. Sikupokea simu zako kwa sababu sikuwa na kitu mkononi. Leo pia sina. Lakini sikiliza motere hii."

Papa anasema alipoyasikia maneno hayo alikasirika kwanza. Alitaka kumjibu vibaya. "Nilimfundisha kufungua motere, nikamfundisha kula na wenzake, halafu anakimbia simu yangu kama mimi ni mdai!" Lakini sauti ya motere ilikuwa inamwita. Tangu alipofika Baraka, hakuna aliyekuwa amemuuliza neno lolote la kazi yake. Aliulizwa jina, umri, idadi ya watu wa nyumba yake, na kama ana kadi. Aliandikwa kwenye orodha tatu. Hakuna orodha iliyokuwa na nafasi ya kuandika kwamba mzee huyu anaweza kusikia silinda iliyokufa.

Sauti nyingine mbili zilipofika, ya baridi na ya moto, alisikiliza ya moto macho yamefungwa, kidole kinagonga goti. Kisha akamwambia mjukuu abonyeze kitufe cha kurekodi.

"Miezi saba," alianza. "Nilidhani umekufa. Tutaongea hayo. Sasa sikiliza. Hiyo si moto wa buji wala si kabireta. Kama ingekuwa kabireta ingelalamika hata ikiwa baridi. Hiyo ni valvu. Chuma kikipata moto kinarefuka. Kama mlifunga bila kuacha nafasi ya kutosha, valvu haifungi sawasawa, inabaki wazi kidogo, nguvu inatoroka. Ikipoa inafunga tena. Jipu zilitufanyia hivyo. Toa waya za buji moja moja, motere ikiwa moto, kwa koleo lenye mpira. Ile ambayo ukiitoa sauti haibadiliki, hapo ndipo. Halafu muulize mwenye gari nani alipima nafasi za valvu."

Fundi alitoa waya moja moja. Kwenye silinda ya tatu sauti haikubadilika. Halafu akabaki na swali, na swali lilikuwa gumu kuliko waya. Valvu zilipimwa wakati wa baridi, kabla Fundi hajaingia bandani. Mzee alizipima peke yake, kwa mikono ile.

Hakumuuliza. Alichukua kipimo cha bati jembamba, akakiweka mezani, akakigusa na kuonyesha motere. Mzee alikitazama kwa muda. Kisha akainua mikono yake miwili mbele ya uso, ikitetemeka, akaishusha. Akasema neno moja la Kiingereza ambalo Fundi alilijua: "Sawa."

Kwenye motere hizo valvu zimejificha katikati, chini ya bomba linalogawa hewa. Ilibidi washushe kabireta na bomba hilo. Zamani Ford ilizitoa kiwandani bila sehemu ya kurekebisha nafasi hiyo, ila mzee alikuwa ametia zile za mashindano, ambazo zinarekebishika kwa kile. Valvu mbili za moshi zilikuwa zimebana. Fundi alizilegeza, akapima, akapima tena, wakafunga. Motere iliwaka. Dakika kumi zikapita, ishirini, nusu saa. Haikuchechemea.

Mzee aliuliza nani aliyemfundisha vile. Fundi alifungua simu, akamwonyesha picha ya mzee mwenzake ameketi kwenye benchi, miguu ndani ya ndala. Alieleza kwa maneno aliyonayo: mwalimu, vita, hana nyumba, alisikia kwa simu. Mzee alinyamaza. Akaenda kwenye droo, akatoa dola 120, akamwekea mkononi. Fundi alikataa, jirani hamlipishi jirani. Mzee akatikisa kichwa na kuonyesha picha. Pesa hazikuwa za Fundi. Kwao, saa ya fundi anayegundua ugonjwa wa motere ina bei yake, na yule mzee wa kwenye benchi alikuwa amefanya kazi.

Hivyo ndivyo zilivyofika Baraka, siku iliyofuata, kwa mtandao wa simu. Papa alipoambiwa kiasi na sababu, aliuliza mara mbili: "Ni msaada ao ni malipo?" Akaambiwa ni malipo. Akasema: "Basi nitazipokea." Sehemu aliipa familia iliyompokea, maana walikuwa wamekula pamoja miezi mingi bila kuhesabu. Sehemu alinunua dawa ya shinikizo la damu. Iliyobaki alinunua sokoni kile za mitumba, koleo, na kipimo cha valvu ambacho muuzaji mwenyewe hakujua ni cha nini.

Mwezi wa nane, gari likiwa na rangi ya buluu na namba nyeupe ubavuni, mzee Mzungu na Fundi walitoka nalo Des Moines hadi Knoxville, mwendo wa kama kilomita 60. Ni mji mdogo wenye kiwanja cha udongo mweusi ambako, tangu mwaka 1961, kila mwezi wa nane hufanyika mashindano makubwa ya magari madogo yenye nguvu nyingi. Barabarani upepo ulipiga usoni, mipira ya mbele ikionekana ikicheza juu na chini mbele ya macho. Fundi anasema aliona kila kitu ambacho gari hufanya na ambacho magari mengine huficha.

Jioni walitazama mashindano. Lori la maji lililowesha udongo, magari yakaukanyaga hadi ukashikana. Magari yale hayana kifaa cha kujiwasha. Husukumwa na lori hadi motere iitike. Yanazunguka kushoto tu, ndiyo sababu mpira wa nyuma wa kulia ni mkubwa kuliko wa kushoto. Kwenye kona nyuma ya gari inateleza nje, na dereva anageuza magurudumu kulia wakati gari linakwenda kushoto. Watu walipiga kelele. Fundi alicheka hadi mzee akamgeukia. Alikuwa amewakumbuka madereva wa malori kwenye barabara ya Uvira na Baraka wakati wa mvua, wanavyogeuza usukani upande wa pili matope yakiwabeba, mizigo na abiria juu, bila kikombe na bila kiwanja.

Alirekodi sauti ya kona ile akaituma nyumbani.

Siku hizi, chini ya turubai pembeni ya nyumba ile ya Baraka, vijana wa pikipiki wanaleta injini zao kwa Papa. Wengine wanalipa franga, wengine wanaleta samaki au mihogo, wengine wanaahidi. Uvira hajarudi. Hajui kama bati za garaji yake bado ziko juu. Fundi humpigia kila Jumapili, hata mwezi ambao hana kitu, na anaanza kwa kusema hivyo. Papa anamjibu kwamba hilo linatosha, kisha wanaongea motere.

Kijana akija kuomba kujifunza kazi, Papa hamuulizi shule. Anachukua simu ya mjukuu, anafungua ile sauti ya kwanza ya Iowa, ya motere inayochechemea, anamwekea sikioni na kumuuliza: "Silinda ngapi zinafanya kazi?"

Wengi hujibu nne. Mmoja alijibu nane. Juma lililopita, binti wa miaka kumi na sita aliyekimbia na mama yake kutoka milimani alisikiliza, akaomba arudie, akasikiliza tena. "Saba," alisema.

Papa alimpa kitambaa na bakuli la mazuti, akamwonyesha bulo za kuosha.